Tairi Jipya Upande wa Mama

Asubuhi, kabla gereji za jirani hazijafungua redio zao, gari moja la familia linazunguka polepole kwenye uwanja wa changarawe. Ni gari pana, la rangi ya maziwa ya jana, aina ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, ambayo watu huinunua wakitaka kubeba watoto, magunia na wageni kwa mkupuo mmoja.

Dereva, mzee mwenye kipara na miwani mizito, amekunja usukani mpaka mwisho kama alivyoambiwa. Nje ya gari anatembea mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli la buluu, mikono ya nguo imekunjwa mara tatu. Kiganja chake kimegandana na mlango wa nyuma. Gari likizunguka, naye anazunguka. Haongei. Ungemwona ungedhani anamsindikiza mgonjwa msalani.

Ghafla gari linagutuka. Du! Bodi nzima inatikisika, halafu mzunguko unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Hapo," anasema mwanamke. "Mama, umelisikia?"

"Kulisikia tu?" inajibu sauti kutoka kiti cha nyuma. "Mwanangu, limenipiga teke la kiuno!"

Mwanamke anacheka, anampungia dereva asimame. Huyo ndiye Mama Difu, fundi wa magari ambaye mtaa mzima wa gereji humtaja kwa jina hilo tu. Difu ni lile bonge la chuma lililokaa katikati ya magurudumu ya nyuma, linalogawa nguvu kulia na kushoto, na ndilo lililompa riziki na jina.

"Jina nililopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho," anasema huku akijifuta mikono. "Lakini hata mume wangu akiulizwa, inabidi kwanza akune kichwa."

Gereji yake ni banda la mabati, shimo moja la kuingilia chini ya magari, kabati la spana, na uwanja huu wa kuzungukia. Wenzake wameujaza uwanja wao magari mabovu. Yeye wake anaufagia.

Ana sharti moja ambalo limemfanya achekwe miaka nenda rudi. Gari la familia haliletwi na dereva peke yake. Atakayelileta aje na anaowabeba, na kila mmoja akae pale anapokaa siku zote. Watoto waje, bibi aje, hata kama kuna mbuzi wa kila wiki, naye itabidi azungumziwe.

"Dereva anakwambia kile anachokisikia kwenye usukani," anaeleza. "Lakini ugonjwa wa nyuma unasikika nyuma. Dereva hajawahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe. Mwenye siri ni abiria."

Fundi wa kunyoosha bodi, jirani yake kwa upande wa ukuta, huwa hakosi la kusema akiziona familia zikishuka. "Leo unatengeneza gari au unafungisha ndoa?" humpigia kelele. Mama Difu humwonyesha ngumi, kisha wote wawili wanarudi kwenye kazi zao.

Kelele za jirani huyo ndizo zilizomfundisha kutumia kiganja. Kwa miaka mingi nyundo zimekuwa zikilia upande wake wa kulia, na sikio la upande huo, kwa maneno yake, lilishastaafu bila kuaga. Akaanza kuyashika magari badala ya kuyasikiliza. Sasa anasema hata likirudi sikio hatalihitaji sana, ila mume wake angefurahi, maana huchoka kurudia maneno.

Kazi hii aliingilia dirishani, ukipenda. Alikuwa muuzaji wa kaunta katika duka la vipuri. Mafundi walikuja kununua kifaa, baada ya muda wakarudi kununua kifaa kilekile kwa gari lilelile. Akawa anawauliza kwa nini kinakufa tena. Wakamwambia, wewe dada uza. Aliuza, lakini swali lilimkaa kooni, na siku moja fundi mmoja mtu mzima alichoka kuulizwa akamwambia, "Haya, vua viatu vyako vizuri, ingia chini uone mwenyewe." Aliingia. Kwa namna fulani hajatoka hadi leo.

"Siyo kazi ya kutajirika," anasema. "Siku nzuri nawapata wenye magari. Siku mbaya nawapata wenye maswali, na maswali hayalipi kodi ya banda."

Asubuhi hii hana mzaha mwingi. Amewasikiliza wazee hawa wawili tangu walipoingia, na amejua kwamba hawajaleta gari tu.

Mzee ni seremala. Mkewe, aliyekaa kiti cha nyuma upande wa kushoto na mguu wake wa kulia umenyooshwa juu ya kiti chote, ni fundi cherehani. Goti la mguu huo halikunjiki tangu ajali ya zamani, kwa hiyo kiti cha mbele hakimfai. Akishuka hushuka kwa mpango, fimbo kwanza, kisha mguu mzima, kisha masihara.

Nyumba yao iko juu ya mlima wa udongo mwekundu. Jua likiwaka, gari lolote linapanda. Mvua ikinyesha barabara inakuwa sabuni, na hapo hupanda gari linalovuta mbele na nyuma kwa pamoja, au hupandi. Mama huyo hawezi kuupanda kwa miguu. Kwa hiyo gari hili ndilo ngazi ya nyumba yao.

Na ngazi imevunjika. Kwanza taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi. Kisha ikaja harufu. "Kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ya mteja," anasema mama. Kisha yakaanza haya mateke kila wakikata kona getini. Siku moja ya mvua, katikati ya mlima, magurudumu ya nyuma yaliacha kabisa kusaidia. Gari likateleza kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa mtaro, na mama akalia kwa sauti ambayo mumewe hajaisahau.

Gereji ya kwanza ilibadilisha kaplingi, kile kifaa kilichokaa mbele ya difu ambacho kazi yake ni kuamua lini nyuma isaidie mbele. Kipya nacho kikaungua. Gereji ya pili ikawashauri wang'oe propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma, watembee na mbele tu. Kwa mtu wa tambarare ushauri huo haukuwa mbaya. Kwa hawa ulikuwa sawa na kuambiwa wahame.

Na kuhama kulishapangwa. Mtoto wao wa kiume, mwenye nyumba ya kupanga mjini, ghorofa ya chini, isiyo na ngazi, alishakodi lori la Jumamosi. Kijana hana ubaya hata chembe. Ana hofu, basi. Ameandaa chumba, amenunua godoro, amemwambia mama yake atalala usingizi bila kuwaza mvua.

"Amenitendea wema mtupu," anasema mama. "Lakini meza yangu haipiti mlangoni kwake. Tumepima."

Meza hiyo ndiyo ya kukatia vitambaa. Mumewe aliitengeneza baada ya ajali kwa kimo cha mtu anayefanya kazi mguu mmoja ukiwa umenyooka, na upande mmoja ameuchonga uingie ndani kidogo ili goti lipate pa kukaa. Imekaa dirishani miaka yote, cherehani pembeni, na wateja wa mlimani wanaingia bila kubisha hodi.

"Nikitoka pale," anasema, na anatazama pembeni, "nitakuwa bibi wa chumbani. Nitaangalia ukuta wa mwanangu mpaka ukuta uniangalie mimi."

Mama Difu aliposikia hayo aliacha mzaha kabisa. Baadaye, akiwa chini ya gari na taa yake ya kichwani, ndipo alipoeleza kwa nini.

Mama yake mzazi alihamishwa kutoka nyumbani kwake kwa sababu kama hiyo hiyo. Hakukuwa na gari la kumfikisha hospitali, wanawe wakaamua, wakamleta mjini, wakamweka chumba kizuri. Kila jioni mama huyo alikunja kanga zake mbili akaziweka juu ya begi. "Kesho narudi kwangu," alisema. Alisema hivyo mpaka mwisho wa maisha yake.

"Tulimpenda sana," Mama Difu anasema kutoka chini kule, na sauti yake inagonga kwenye chuma. "Tulimpa kila kitu isipokuwa kesho yake hiyo. Basi nikimsikia mtu anasema meza haipiti mlangoni, mimi roho yangu haikai."

Anafungua kizibo cha difu. Oili inayotoka ni nyeusi, na ndani yake linametameta vumbi la chuma. Anaisugua kati ya vidole, anainusa, anakunja uso. Anafungua kaplingi. Imeungua kama ile ya kwanza.

Hapo ndipo mafundi wengi huagiza kaplingi nyingine. Yeye anatoka shimoni, anakaa juu ya kreti na kulitazama gari kwa mbali, kidevu mkononi. Kifaa kipya kikiungua vilevile kama cha zamani, anasema, kosa haliko kwenye kifaa. Kuna kitu kinakifanyisha kazi usiku na mchana bila kukipa nafasi ya kupumua.

Macho yake yanatua kwenye matairi. Namba zilizoandikwa ubavuni ni zilezile kwa yote manne, ndiyo maana gereji mbili ziliyapita bila kusimama. Lakini tairi la nyuma kushoto bado lina vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi huzaliwa navyo. Mengine matatu yameshanyolewa na barabara.

"Nani ana futi ya kupimia?" anauliza.

"Mwanangu," anasema mama, akijishika shingoni, "unamuuliza fundi cherehani swali gani hilo?"

Futi ipo shingoni kwake, kama siku zote. Mama Difu anamshusha na kumkalisha kwenye ile kreti, anafungua magurudumu yote manne, anamletea moja moja, na mama anaanza kupima viuno vyake kama anavyowapima wateja. Futi haifiki. Anatoa chaki yake ya kitambaa, anachora alama ilipoishia, anaendelea kutoka hapo. Mumewe amesimama nyuma yake, ameshika miwani mkononi, anaipangusa na shati.

La kwanza. La pili. La tatu. Yanalingana, tofauti haizidi unene wa uzi.

"Kiuno kimoja, kama mapacha," anasema mama. Kisha analipima la nne, lile lenye vinyweleo. Anarudia. Anaweka vidole viwili kati ya alama zake, anainua uso.

"Hili bonge. Limezidi vidole viwili. Hili lilikuwa wapi?"

"Nyuma kushoto," anasema Mama Difu.

"Chini yangu?"

"Chini yako, mama."

Vidole viwili vinaonekana kitu kidogo, lakini si kidogo kwa gari kama hili. Tairi bonge linazunguka taratibu kuliko wenzake, safari nzima, bila kuacha. Gari linadhani kuna gurudumu linateleza. Kaplingi inashika, inaachia, inashika tena, kwenye lami kavu isiyo na haja yoyote ya msaada, mpaka oili yake inaiva. Siku ya mlima ikifika, siku ambayo kweli inahitajika, imeshajichokea.

Mama Difu alipoanza kuyaeleza haya alimtazama mzee, na akaelewa kwamba mzee ameshaelewa. Seremala haambiwi mara mbili kuhusu meza yenye mguu mmoja mrefu.

Akajaribu kumfungulia mlango wa kutokea. "Huenda aliyekuuzia tairi hakujua," akasema. "Wauza matairi wengi hawajui kwamba fowili, gari la kuvuta kwa yote manne, haitaki moja jipya katikati ya..."

"Usimsingizie mtu, mwanangu," mzee akamkatiza. "Ni mimi."

Hata nyundo ya jirani ilikuwa imenyamaza, kama vile nayo inatega sikio.

"Ni wewe nini?" mkewe akauliza.

"Ni mimi ninayelinunua. Kila mvua zikikaribia nanunua moja, naliweka upande wako. Lile linalotoka nalitupa stoo."

"Moja tu? Upande wangu? Kwa nini?"

Mzee akavaa miwani, akaivua tena. Ikaonekana wazi kwamba hii ni habari aliyoizoea kuibeba peke yake na sasa haijui njia ya kutokea.

"Lile lililopasuka," akasema mwishowe. "Kwenye gari la zamani. Lilikuwa upande wako. Niliona asubuhi ile limekwisha, nikasema litavuka wiki. Halikuvuka. Basi nikasema, kama nina uwezo wa tairi moja jipya, hilo moja litakuwa chini yake. Mengine yakipasuka, yanipasukie mimi."

Mama alikuwa bado ameshika futi, ncha moja kwenye tairi na nyingine mkononi. Machozi yalianza kumlengalenga na hakujisumbua kuyaficha.

"Miaka yote hii," akasema, "hujawahi kuitaja ajali ile hata siku moja. Mimi nikajua umeisahau. Nikasema moyoni, bora yeye aliyeweza kusahau."

"Nitaisahau vipi? Nakusikia kila asubuhi ukishuka kitandani."

Mama Difu alijitia kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

"Mzee wangu," akasema. "Baba. Sikiliza. Hapa hakuna aliyekosea kwa ubaya. Ila gari hili halijui kupenda upande mmoja. Ukitaka kumlinda mama, mlinde kwa matairi yote manne."

"Na wewe pia ukae juu ya tairi zima," mkewe akadakia, huku anajifuta macho kwa ncha ya futi. "Eti yanipasukie mimi! Nani atanichongea meza? Kipara juu, vipara chini, unanitafutia ujane kwa bidii."

Mzee akacheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha akainama akashika magoti yake mwenyewe. Fundi wa bodi, aliyekuwa ameegemea ukuta muda wote huo, akauliza kwa sauti ya chini kama leo ndiyo ile ndoa. Mara hii Mama Difu hakumwonyesha ngumi.

Kabla hawajaondoka, mama alimwita fundi karibu, akamgeuza kwa bega bila kumwomba ruhusa, akampima mkono kutoka begani mpaka kifundoni.

"Ovaroli hili alikatiwa nani?"

"Mwanaume yeyote, mama. Yote yanakuja hivyo."

"Hmm," akasema mama, akachora kitu kwa chaki kwenye kiganja chake mwenyewe.

Kazi yenyewe, tatizo lilipojulikana, haikuwa na maajabu. Yalipatikana matairi manne ya namna moja na umri mmoja. Kaplingi nzima ilitoka katika duka lilelile alikowahi kusimama kaunta, na muuzaji wa sasa, binti mcheshi, alimuuliza ile ya kwanza imekufa kwa sababu gani. Mama Difu alifurahi kuulizwa kuliko alivyofurahia punguzo. Difu aliiosha kwa oili, akaimwaga, akaiosha tena mpaka ikatoka safi bila kumetameta. Akapaka grisi viungo vya propela, akaizima ile taa ya njano kwa kifaa cha kusomea hitilafu za gari.

Lakini hakukabidhi gari. Alisema anangoja mvua.

"Mlima mkavu hautoi ushahidi," anasema. "Hata baiskeli itapanda."

Mvua ilinyesha Ijumaa mchana, mvua ya kujaa mitaro, na ilipopungua Mama Difu aliwafuata wazee wake mjini, walikoshuka asubuhi kwa gari la kukodi jua likiwa bado linawaka. Mzee akashika usukani. Mama Difu hakukaa mbele. Aliingia nyuma upande wa kulia, na kwa kuwa kiti chote kilikuwa cha ule mguu ulionyooka, aliunyanyua kwa mikono miwili, akakaa, akaupakata mapajani.

Chini ya mlima mzee alisimamisha gari. Barabara ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta. Mama alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na kwa mwingine vidole vya Mama Difu, na alivibana mpaka vikafa ganzi.

"Mama watoto," mzee akasema bila kugeuka. "Ukisema tusiende, hatuendi. Tutakaa kwa mtoto, na meza nitaikata ipite."

"Usiguse meza yangu," akajibu. "Panda."

Gari likapanda. Magurudumu ya mbele yaliteleza mara moja kwenye kile kipande kibaya, pale penye mtaro, na kila mtu ndani ya gari alikijua kipande hicho. Mama akafumba macho. Mama Difu alibandika kiganja chake sakafuni, chini ya kiti, akatulia kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha nyuma ikashika. Wote waliisikia, ule msukumo mpole wa kutoka mgongoni, na gari likatambaa juu, likapita mtaro, likapita mti wa umeme, likaingia getini na kukata ile kona.

"Haligongi," mama akasema, macho bado ameyafumba. "Mwanangu, haligongi."

Mama Difu anakiri kwamba yeye ndiye aliyelia. Anasema wazee wale walikuwa na shughuli ya kugombana kuhusu nani ana funguo za nyumba, hawakumwona.

Jumamosi lori lilikuja kama lilivyopangwa, kwa kuwa lilishalipiwa na mwenye lori si mtu wa kurudisha. Lilipanda mlimani jua likiwa limekwisha kukausha barabara, kijana akiwa mbele na kamba za kufungia vitu. Aliwakuta wazazi wake mezani, mama anakata kitambaa. Wanasema walizungumza kirefu. Alipoambiwa habari ya matairi, kijana alitoka nje, akaenda stoo, akayaangalia yale yaliyotupwa, moja la kila msimu, yamepangwa hadi dirishani. Aliporudi ndani hakutaja tena godoro.

Lakini lori halikurudi tupu. Mchana wake liliingia gereji kwa Mama Difu na mzigo mmoja tu: benchi.

Ni benchi la mbao nzito, lenye egemeo, la kukaa familia nzima. Upande mmoja umerefushwa kupita kawaida, tambarare, umepigwa msasa mpaka unateleza mkononi. Ni upande wa mtu ambaye goti lake halikunjiki. Juu ya benchi lilikuwepo ovaroli la buluu, limekunjwa na kupigwa pasi.

"Abiria wako wanakaa kwenye kreti," mzee alimwambia, akilipangusa benchi kwa mkono ingawa halikuwa na vumbi. "Haipendezi."

Mama Difu alilivaa lile ovaroli palepale, juu ya nguo zake. Mikono ilifika kifundoni, ikaishia hapo. Akainyoosha yote miwili mbele yake akaitazama muda mrefu. Kwa miaka yote ya ufundi, anasema, hii ni mara ya kwanza hajakunja kitu.

Sasa ana mpango. Anataka kulijengea benchi hilo paa, ili abiria wake wasikae juani wakingoja kuulizwa. Akijaliwa zaidi, anataka kuusakafia ule uwanja kwa saruji, mviringo mmoja safi, ili gari likizunguka pasiwe na changarawe ya kumchanganya kiganja. Ameanza kununua mifuko mmoja mmoja. Imekaa nyuma ya kabati, imefunikwa kwa turubai, na fundi wa bodi ameahidi kumkunjia mabati ya paa bure, kwa sharti kwamba naye ataruhusiwa kukalia benchi.

Siku ile ya lori wazee hawakukaa sana. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa mlimani, na mama alikuwa na nguo ya mteja mezani. Mzee alimfungulia mlango wa nyuma. Fimbo ikaingia kwanza, kisha mguu mzima, kisha mwenyewe, akajipanga kwenye kiti chake cha siku zote.

Mama Difu aliinama dirishani. "Mvua hiyo, mama. Huogopi?"

"Nimwogope nani?" Alimpapasa fundi shavuni, penye alama ya grisi, akaifuta kwa kidole gumba. "Haya mwanangu, baki salama. Mimi narudi kwangu."

Mama Difu alijinyoosha kutoka dirishani. Akabandika kiganja chake kwenye mlango. Gari likaanza kuondoka polepole, naye akatembea nalo, mkono juu ya bati, akaupita ukuta wa jirani, akalipita benchi, mpaka getini. Hapo akaliachia.